Jibini kwa Asiyekula Nyama: Uliza Imegandishwa na Nini

Mwaka juzi nilimkaribisha jirani yangu chakula cha jioni. Ni mama wa Kigujarati, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, hajaonja nyama tangu azaliwe, wala samaki, wala yai. Nikajipanga: tambi za mchuzi wa nyanya, mabilinganya ya kuchoma, kachumbari. Juu ya tambi nikakwangua kipande cha jibini ya Parmigiano Reggiano nilicholetewa zawadi kutoka Italia, huku nikijisifu kimoyomoyo kwamba leo mgeni wangu atakula kitu cha maana. Akakitazama kile kipande kilichobaki sinia, akaniuliza kwa upole: "Dada, hii imegandishwa na nini?"

Nikamwambia ni maziwa tu. Akacheka, akala mabilinganya na kachumbari, tambi hakuzigusa.

Tangu siku ile swali lake ndilo ninalokwenda nalo dukani. Wengi wetu tukisikia mtu hali nyama tunamwekea chizi tukiamini tumemaliza kazi. Chizi inatoka kwenye maziwa, na kwa maziwa hakuna aliyechinjwa. Lakini maziwa hayawi jibini yenyewe. Lazima kitu kiyagandishe, na kitu hicho mara nyingi hutoka tumboni mwa ndama. Kwa Wahindu wa kwetu, kwa Wajaini ambao dini yao inakataza kuua kiumbe, kwa Wasabato wengi walioacha nyama, kwa Warasta, na kwa yeyote aliyeamua hivyo kwa sababu zake, hilo ni jambo kubwa. Asiyetumia hata maziwa hana jibini humu ya kuchagua. Haya nayaandika kwa anayekunywa maziwa lakini hataki mnyama auawe kwa ajili ya sahani yake.

Mtindi na jibini, njia mbili za kuganda

Njia ya kwanza tunaijua sote. Unayaacha maziwa kwenye kibuyu au sufuria, bakteria wanakula sukari iliyomo na kutoa asidi, uchachu unapanda, na pH ikishuka hadi kama 4.6 protini iitwayo kaseini inashikana. Huo ndio mtindi, ndiyo maziwa lala, ndiyo mursik ya Wakalenjin. Hakuna tumbo la mtu wala mnyama lililohusika.

Jibini nyingi za dukani zimepita njia ya pili. Chembe za kaseini zimevikwa kitu kama manyoya mafupi, protini iitwayo kapa-kaseini, na manyoya hayo ndiyo yanayozifanya chembe zikwepane. Kimeng'enya (enzyme) kiitwacho kimosini kinayanyoa. Kinaikata kapa-kaseini mahali pamoja tu, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106, na zikishanyolewa chembe hazina tena cha kuzitenganisha. Zinashikana zikiwa bado na chokaa yake, yaani kalisi, ndani, wala maziwa hayajachacha sana.

Kiwandani mambo huenda hivi. Maziwa huchemshwa kwa kiasi ili kuua vijidudu, yakapozwa hadi kama nyuzi 32, yakatiwa bakteria wa kuchachusha, kisha kigandishi. Baada ya nusu saa au dakika 45, pipa zima linatikisika kama faluda. Faluda hiyo hukatwa vipande kwa visu vya nyaya, maji ya rangi ya kijani hafifu yanatoka, vipande vinakorogwa na kupashwa moto, vinachujwa, vinakandamizwa, vinatiwa chumvi, kisha vinawekwa vikomae kwa wiki, miezi au miaka. Kwa jibini ngumu, lita 10 za maziwa zinakupa kilo moja hivi.

Kigandishi chenyewe, ambacho dukani huitwa reneti, ni kidogo mno. Reneti ya maji ya nguvu ya kawaida, mililita 30 hivi zinatosha lita 100 za maziwa. Nilipomtajia jirani hesabu hii nikidhani itamtuliza, alinijibu kwamba tone la damu kwenye ndoo ya maziwa nalo ni dogo.

Vigandishi vinavyotumika duniani navipanga hivi:

| Kigandishi | Asili yake | Kinafaa jibini gani | Kwa asiyekula nyama |
|---|---|---|---|
| Reneti ya mnyama | Tumbo la nne la ndama, mwanakondoo au mwanambuzi | Zote, hasa za kukaa miaka | Hapana |
| Reneti ya ukungu | Kuvu kama Rhizomucor miehei | Changa na za miezi michache | Ndiyo |
| Kimosini cha kuchachushwa | Kuvu au hamira iliyopewa jeni ya ndama au ngamia | Zote | Wengi hukubali, wengine wana shaka |
| Mbigili na mimea mingine | Maua makavu, utomvu | Hasa za maziwa ya kondoo na mbuzi | Ndiyo |
| Ndimu, siki, mtindi | Asidi tu | Paneer (jibini ya Kihindi) na jamaa zake | Ndiyo, bila swali |

Ndama na ukungu

Ndama anayenyonya ana matumbo manne kama mama yake, ila linalofanya kazi hasa ni la nne. Humo ndimo kimosini hutengenezwa, kwa sababu maziwa yanayoganda hupita polepole na mtoto anashiba. Ndama akianza kula majani kimosini kinapungua na pepsini, kimeng'enya kingine cha tumboni, inachukua nafasi yake. Ndiyo maana tumbo linalotafutwa ni la ndama mchanga, na ndama hatoi tumbo lake akabaki hai. Watengenezaji hujitetea kwamba hakuna anayechinja kwa ajili ya reneti, kwamba tumbo ni masalio ya biashara ya nyama ya ndama. Ni kweli. Lakini ngozi ya kiatu nayo ni masalio, na Mjaini haivai.

Zamani tumbo lilianikwa, likakatwa vipande, likalowekwa kwenye maji ya chumvi, na kila mtengenezaji akawa anabahatisha nguvu ya dawa yake. Mwaka 1874 Mdenmark Christian Hansen alianzisha kampuni ya kuuza reneti iliyopimwa nguvu, na tangu hapo ikawa bidhaa ya chupa kama nyingine.

Kufika miaka ya 1960 ulaji wa jibini ulikuwa unapanda kuliko idadi ya ndama wanaochinjwa. Reneti ikawa adimu. Watafiti wa Kijapani wakagundua kuvu, Rhizomucor pusillus, wenye kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Baadaye ndugu yake Rhizomucor miehei ndiye aliyeshika soko. Kuvu hufugwa kwenye matangi, kimeng'enya huchujwa, kazi imekwisha. Hiki ndicho lebo huita "microbial rennet".

Sasa ulinganishe. Kimosini cha ndama ni kinyozi mwenye adabu: ananyoa manyoya na kuondoka. Kimeng'enya cha ukungu huendelea kukatakata kaseini yenyewe, na vipande vingine vya protini vina uchungu. Kwenye mozzarella ya pizza au gouda ya miezi miwili huutambui uchungu huo. Kwenye jibini iliyokaa mwaka mzima unaweza kuusikia nyuma ya ulimi. Aina za siku hizi zimesafishwa na kupunguzwa makali, tofauti si kubwa kama ilivyokuwa, lakini ndiyo sababu wakongwe wa jibini za kukaa hawaiachi reneti ya ndama. Kwa matumizi ya jikoni kwetu, mkate, pizza, sambusa za jibini, mimi sioni kwa nini mtu alipie zaidi.

Kimosini kisicho na ndama

Hapa ndipo watu hubishana kwa raha, nami nakaa zaidi.

Mwaka 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kimosini kilichotengenezwa na vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza cha aina hiyo kuruhusiwa kwenye chakula huko. Wanasayansi walinakili maelekezo ya ndama ya kutengeneza kimosini wakayapandikiza kwenye kijidudu, kwa mfano kuvu Aspergillus niger au hamira Kluyveromyces lactis. Kijidudu kinakitengeneza tangini, kinachujwa, na kinachopatikana ni kimosini kile kile cha ndama bila ndama kuguswa tena. Leo sehemu kubwa ya jibini ngumu ya Marekani na Uingereza inagandishwa hivyo.

Kwa ladha na ugumu hakina mpinzani: kinanyoa vizuri kama cha ndama, ni safi zaidi kwa sababu hakina pepsini, na bei yake haipandi ndama wakipungua. Kwa dhamiri, inategemea unauliza nini. Ukiuliza kama kuna mnyama aliyekufa kwa jibini hii, hapana. Ukiuliza kama jeni ilitoka kwa mnyama, mwanzoni ndiyo, kisha ikawa ni kunakili nakala. Ukiuliza kama vinasaba vimechezewa, ndiyo, ingawa kijidudu chenyewe hakimo kwenye jibini. Jirani yangu hana neno nacho. Binamu yake hataki kukisikia. Wote wawili ni watu wa dini moja.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Katika Umoja wa Ulaya, chakula chenye nembo ya kilimo hai hakiruhusiwi kutumia kitu kilichotengenezwa na vijidudu vya vinasaba vilivyobadilishwa. Kwa hiyo jibini ya kilimo hai haina kimosini hiki, na mtengenezaji anabaki na ndama, ukungu au mmea. Mnunuzi akiona nembo ya jani la kijani anadhani kapata kitu kisicho na dhambi, kumbe huenda imegandishwa na tumbo la ndama aliyelelewa vizuri.

Kisha kuna ngamia. Maziwa ya ngamia, yale yanayotoka Isiolo kwenda Eastleigh kila siku, ni mkaidi kwa reneti ya ng'ombe. Yana kapa-kaseini kidogo na yanaganda kwa ulegevu. Kimosini cha ngamia mwenyewe kinayagandisha, na ajabu ni kwamba maziwa ya ng'ombe kinayagandisha kwa nguvu kuliko kimosini cha ng'ombe, tena bila kukatakata kaseini ovyo. Sasa nacho hutengenezwa na kuvu tangini. Hapana ngamia anayeguswa, na jibini za kukaa zinatoka bila uchungu. Ningekuwa na kiwanda ndicho ningenunua.

Kwa Waislamu suala linafanana ila halilingani. Mnyama aliyechinjwa kisharia hana tatizo. Penye ubishi ni reneti ya mnyama asiyechinjwa hivyo: Abu Hanifa aliihesabu kuwa safi, Shafi kwa upande wake aliihesabu najisi, na pwani yetu ni ya Shafi. Ndiyo maana dukani utawakuta Mwislamu na Mhindu wakiigeuza lebo ile ile, kila mmoja kwa sababu yake, na reneti ya ukungu inawaridhisha wote wawili.

Mbigili wa Wareno

Ureno wana jibini iitwayo Serra da Estrela, ya maziwa mabichi ya kondoo wa milimani. Kigandishi chake ni maua makavu ya mbigili, Cynara cardunculus, jamaa wa atichoki. Maua hutwangwa na chumvi, yakalowekwa, maji yake yakatiwa kwenye maziwa. Azeitão na Serpa ni za namna hiyo hiyo, na Wahispania wana Torta del Casar. Ni laini hadi unaikata kifuniko juu na kuchota kwa kijiko. Ninapoulizwa jibini gani ya kifahari ya kumpelekea mgeni asiyekula nyama, nataja hizi kwanza: kanuni za jina lenyewe zinalazimisha mbigili, huna haja ya kumwuliza mtu.

Kwa nini basi mbigili haukuenea? Vimeng'enya vyake vina makali, na kwenye maziwa ya ng'ombe vinaacha uchungu. Maziwa ya kondoo yanavumilia zaidi. Mimea mingine ina tabia hiyo hiyo ikizidi. Wafulani wa Benin na Nigeria hugandisha jibini yao, wagashi au wara, kwa utomvu wa Calotropis procera, kisha huichemsha, na inaliwa changa kabla uchungu haujapata nafasi. Papai bichi nalo litagandisha maziwa. Nimelijaribu. Baada ya saa chache usile, utajuta, maana papaini, kimeng'enya chake, haijui kuacha kukata. Aliyewahi kuchanganya nanasi bichi na maziwa anajua ninachosema.

Ndimu, na kwa nini paneer haiyeyuki

Ukitaka kulala usingizi bila kumwamini mwenye kiwanda, gandisha mwenyewe. Chukua lita 2 za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta. Yachemshe hadi yatake kufurika, epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Vijiko vinne au vitano vya mezani vinatosha kwa kawaida. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji yanabaki ya kijani hafifu. Yakibaki meupe kama maziwa, ongeza ndimu. Chuja kwa kitambaa cha melimeli, mwagia maji baridi kuondoa uchachu, kaza, weka chini ya sufuria nzito saa moja. Unapata gramu 300 hadi 400 za paneer. Yale maji kandia unga wa chapati.

Waethiopia wana ayib, inayopikwa kwa moto mdogo kutoka maziwa chachu yaliyokwisha kusukwa siagi. Ni jamaa wa karibu, na nayo haina reneti.

Lakini usiitarajie paneer ifanye kazi ya mozzarella. Nimewaona watu wakiitandaza juu ya pizza na kusubiri ivutike. Asidi huyeyusha kalisi iliyokuwa ikizishika chembe za kaseini, nayo kalisi hutoka na maji. Mgando wa ndimu ukipashwa moto unakauka, hauyeyuki. Mgando wa reneti una kalisi yake bado, na ukiuchachusha hadi pH ya 5.2 hivi unavutika nyuzi. Kwa hiyo paneer kwa mchuzi, kwa mishikaki, kwa kukaanga. Kwa pizza tafuta mozzarella ya ukungu.

Halloumi ya Kupro nayo hukaangwa isiyeyuke, na watu huilinganisha na paneer. Ladha si moja: halloumi ina chumvi nyingi na inalia meno ikitafunwa, paneer ni ya upole na inakunywa viungo. Lakini halloumi ni ya reneti. Kienyeji ilikuwa reneti ya wanambuzi, siku hizi nyingi ni za ukungu, na jina peke yake halikuambii ni ipi.

Jina kwa jina

Parmigiano Reggiano, ile iliyoniaibisha, ina vitu vitatu tu: maziwa, chumvi na reneti ya ndama. Gurudumu moja la kilo 40 hivi hula zaidi ya lita 500 za maziwa, na halitoki ghalani kabla ya miezi 12. Kanuni zake hazina mlango kwa ukungu wala mmea. Grana Padano, ndugu yake wa bei nafuu anayekomaa kuanzia miezi 9, ni ya ndama vilevile, na juu ya hapo kwa kawaida hutiwa lisozimu ya ute wa yai, E1105, kuzuia bakteria waharibifu. Kwa mama wa Kigujarati asiyekula mayai hiyo ni dosari ya pili. Pecorino Romano hutumia reneti nzito ya mwanakondoo, yenye lipesi ndani, kimeng'enya cha mafuta, na ukali ule unaokupiga puani ndiko unakotoka.

Ndani ya Umoja wa Ulaya neno "Parmesan" nalo limelindwa, kwa hiyo linamaanisha Parmigiano Reggiano na ndama wake. Marekani neno hilo ni la kila mtu: utaikuta Parmesan ya kimosini cha tangini au ya ukungu, inayomfaa asiyekula nyama, hata kama Mwitaliano ataikunjia uso. Uingereza maduka huuza jibini ngumu ya mtindo wa Kiitaliano yenye alama ya wala mboga, bila kuthubutu kulitaja jina. Na Italia yenyewe, mkoa wa Piemonte, kuna Gran Kinara ya Fattorie Fiandino, jibini ngumu inayogandishwa kwa mbigili. Kati ya hizi zote, kwa kukwangua juu ya tambi, tofauti ya ladha haifiki tofauti ya bei.

Comté, Roquefort, Gruyère ya Uswisi na Gorgonzola ziweke kapu moja na Parmigiano. Mozzarella di Bufala Campana pia, kanuni zake zinataka reneti ya ndama. Mozzarella ya kawaida ya maziwa ya ng'ombe haifungwi na kanuni hiyo, na mara nyingi ni ya ukungu. Hapa cha bei rahisi ndicho kinachomfaa mgeni wako.

Cheddar na gouda majina yao hayasemi kitu. Cheddar nyingi za Uingereza zina alama ya wala mboga, nyingine za mashambani bado ni za ndama. Jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa Goma na kuvuka hadi Gisenyi na Bukavu, ni ya mtindo wa gouda, nayo lazima umwulize aliyeitengeneza. Za Njombe zenye mitindo ya Kiitaliano na za nyanda za juu za Kenya hali ni hiyo hiyo. Hapa tuna bahati kuliko wa Ulaya: mwenye jibini mara nyingi yuko umbali wa simu moja.

Ricotta ni mtego mzuri. Inatengenezwa kwa moto na asidi, vitabu vya upishi huihesabu kuwa salama, lakini kinachochemshwa ni maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine. Kama ile ya kwanza ilikuwa ya ndama, maji yale yamebeba reneti yake. Mascarpone ni krimu na asidi, haina shida. Jibini laini za kupaka kwenye mkate hutegemea uchachu zaidi, ila baadhi hutiwa reneti kidogo. Zile za pembetatu kwenye karatasi ya kung'aa na za vipande vya plastiki ni jibini nyingine zilizoyeyushwa pamoja na chumvi za kulainisha, kwa hiyo zimerithi reneti ya kila iliyoingia sufuriani. Ni ngumu kuzifuatilia kuliko zote, na mimi nisipoona alama ninaziacha.

Rangi ya chungwa isikutishe. Cheddar ya rangi hiyo hutiwa rangi ya biksa, E160b, mbegu nyekundu za mti ule ule wanaoulima wakulima wa Kwale.

Kusoma lebo

Lebo ikisema "microbial", "vegetable" au "non-animal", endelea. Ikisema "rennet" peke yake, chukulia ni ya mnyama mpaka uthibitishe. Marekani utakutana na neno "enzymes" tu, ambalo sheria inaruhusu lifunike asili yoyote, mnyama, mmea au kijidudu. Ulaya ni pagumu zaidi: jibini isiyoongezwa kitu zaidi ya maziwa, vimeng'enya, bakteria na chumvi haidaiwi orodha ya viambato kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa neno reneti si ushahidi wa lolote. Kwa wasomaji wa Bukavu, Kigali na Bujumbura, Kifaransa kinasaidia: "présure" kwa maana yake ya kisheria ni ya tumbo la mnyama, na isiyo ya mnyama huitwa "coagulant". Ila wafanyabiashara wengine huandika "présure microbienne", na hapo neno la pili ndilo la kuaminiwa.

Alama ninayoipenda ni ya Kihindi: nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani. India yai huhesabiwa upande wa nyama, kwa hiyo nukta hiyo inakuondolea reneti na lisozimu kwa mara moja. Bidhaa zenye alama hiyo zimejaa maduka ya Biashara Street na ya Kisutu, Dar es Salaam. V ya manjano na kijani ya Ulaya nayo ni nzuri, ila haizuii mayai.

Pasipo alama, piga simu. Kiwanda kimoja nilichokipigia, aliyepokea alikuwa msimamizi wa maziwa, hakushangaa hata kidogo. "Tunatumia ya unga, ya ukungu," akaniambia, "wateja wetu wa mahoteli walitudai." Nikamwuliza kama ndivyo ilivyo kwa jibini zote. Akasita. Ya kukwangua, akasema, ile wanayoiweka miezi minane, bado wanatumia ya ndama, na kwenye lebo zote mbili imeandikwa "rennet".